MBOGA ZA OGANI KWENYE KITALU NYUMBA: USIUZE NENO USILOWEZA KULIONYESHA

 

Somo la leo ni refu, kaa na chai kabisa. Ni kwa wale wanaouza mboga mtandaoni, WhatsApp, Instagram, Facebook, halafu kwenye kila posti wanaandika "ogani". Na ni kwa wale wanaonifuata inboksi wakisema nataka kujenga kitalu nyumba (grinihausi, kile kibanda cha nailoni) nilime nyanya na hoho za ogani niuze bei ya juu. Nitaeleza kulima, nitaeleza kuuza, ila nianze na aibu yangu mwenyewe maana ndiyo iliyonifundisha.

Mwaka juzi nilikuwa na oda 26 za kila Jumamosi. Arusha mjini, Njiro, Sakina, na wachache wa huku huku Usa River. Boksi moja lina nyanya, hoho, tango na giligilani, na juu yake stika ya kijani: OGANI 100%. Mambo yalikuwa mazuri mpaka kantangaze alipoingia kitaluni. Ndani ya mwezi nusu ya nyanya zangu zilikuwa na matundu. Oda bado ni 26, nyanya zinatosha watu 12.

Unajua nilifanya nini? Niliamka saa kumi na moja alfajiri nikaenda soko la Kilombero, nikanunua tenga la nyanya nzuri, nikaja nyumbani nikazifuta, nikazipanga kwenye boksi, nikabandika stika yangu. Nikajiambia ni wiki moja tu. Ikawa wiki ya pili. Wiki ya tatu niko nimeinama kwenye tenga nachagua, nasikia mtu nyuma yangu. Ni mama mmoja mteja wangu wa Njiro.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kumbe na wewe unanunua hapa?"

Basi. Hakusema neno lingine, akaenda zake na kikapu chake. Mimi nikabaki pale nimeshika nyanya. Yule mama alikuwa ananilipa karibu mara mbili ya bei ya sokoni kwa sababu ya stika, na stika ilikuwa uongo.

Nitarudi kwenye hiyo story chini. Kwanza tuelewe kazi yenyewe, maana wengi tunadanganya kwa sababu tulianza bila kujua kulima kwa njia hii kunadai nini.

1. NAILONI HAIFANYI MBOGA KUWA OGANI

Hili ndilo kosa la kwanza. Mtu akiona nyanya zimetoka kwenye kitalu nyumba anadhani ni ogani. Hapana. Kitalu nyumba ni paa tu. Kinazuia mvua isilowanishe majani, kinapunguza wadudu, kinakusaidia kuvuna hata masika. Ndani yake unaweza kupiga sumu kila wiki na kumwaga mbolea ya chumvichumvi, na wako wengi wanaofanya hivyo, siyo dhambi kama hawadanganyi.

Ogani, au kwa Kiswahili chetu kilimo hai, ni namna ya kulima. Hutumii mbolea za viwandani, hutumii viuatilifu vya kemikali, hutumii mbegu zilizobadilishwa vinasaba, na unaulisha udongo ili udongo ulishe mmea. Afrika Mashariki tuna kiwango chetu cha bidhaa za kilimo hai kilichopitishwa mwaka 2007, na alama yake inaitwa Kilimohai. Kwa Tanzania shirika linalosimamia mambo haya ni TOAM, kwa Kenya kuna KOAN. Alama ile huibandiki kwa sababu umeipenda, unaibandika baada ya kukaguliwa.

2. CHAGUA ZAO KWA HESABU, SIYO KWA VIDEO

Mchicha, sukuma wiki, matembele, chainizi: hizi usizipeleke kwenye kitalu nyumba cha mamilioni. Zinakua vizuri nje, ukiweka wavu wa kuzuia wadudu inatosha. Bei yake haiwezi kulipa nailoni.

Ndani weka kinachopata faida ya paa: nyanya ndefu za kupandisha kwenye kamba, hoho za rangi, matango. Pembeni jaza giligilani, mnanaa, saladi. Nyanya hasa, kwa sababu masika nje zinaliwa na bakajani chelewa, ule ugonjwa unaokuja majani yakilowa, na ndani unakwepa sehemu kubwa ya tatizo hilo.

Sasa piga hesabu. Mfano tu huu, weka namba zako:

- Banda na nailoni limekugharimu 2,400,000 na unategemea lidumu miaka 4. Hiyo ni miezi 48, kwa hiyo kila mwezi banda linakula 50,000.
- Miche, mboji, maji, kamba: 70,000 kwa mwezi.
- Kazi, hata kama ni wewe mwenyewe: 80,000.
- Jumla 200,000.

Umevuna kilo 100. Utasema kila kilo imenigharimu 2,000. Subiri. Zilizopasuka, zilizoliwa, zilizolainika njiani, tuseme kilo 15. Umeuza kilo 85. Gawanya 200,000 kwa 85, unapata karibu 2,350 kwa kilo. Bado kifungashio. Kwa hiyo ukiuza 2,500 ukafurahi, umefanya kazi ya bure. Na bodaboda iwe juu ya mteja, iandike wazi kwenye posti.

Nimeanza na hesabu kwa sababu mtu aliyepanga bei ya chini ndiye anayekuja kukimbilia sokoni kuchanganya mzigo. Hasara inakufundisha wizi.

3. UDONGO NDIYO DUKA LAKO

Kwenye kilimo hai huna kile cha kumwaga leo uone kijani keshokutwa. Unalisha udongo miezi kabla.

Mboji. Panga tabaka: majani makavu, majani mabichi, samadi, udongo kidogo, majivu kidogo, nyunyizia maji, rudia mpaka rundo lifike kiuno au kifua. Chomeka fimbo ya chuma katikati. Baada ya siku chache ichomoe uishike: ikiwa ya moto, rundo linafanya kazi. Ikiwa ya baridi na kavu, ongeza maji. Ikiwa ya baridi na rundo linanuka, maji yamezidi, ligeuze lipate hewa. Geuza kila baada ya wiki mbili tatu. Miezi mitatu hivi unapata kitu cheusi kinachonukia udongo wa msituni. Rundo likipanda joto la nyuzi 55 na kuendelea, linaua mbegu nyingi za magugu na vijidudu vya magonjwa, ndiyo maana kugeuza ni muhimu, ili na vya pembeni viingie katikati vipate moto.

Samadi mbichi. Hapa niwe mkali kidogo. Watu wanachota samadi ya ng'ombe ya jana, wanaweka kwenye saladi, halafu wanasema "asili kabisa". Samadi mbichi inaweza kubeba vijidudu vya tumbo, na saladi inaliwa bila kupikwa. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinasema samadi mbichi iwekwe angalau siku 120 kabla ya kuvuna zao ambalo sehemu yake ya kuliwa inagusa udongo, na siku 90 kwa lile lisilogusa. Mimi sitaki kuhesabu siku, natumia iliyooza kabisa kwenye mboji. Mtoto wa mteja akiharisha hutaelewana na mtu.

Usirudie familia moja. Nyanya, hoho, nyanya chungu, biringanya na viazi mviringo ni ndugu. Ukipanda nyanya baada ya hoho umebadilisha jina tu, magonjwa ni yale yale. Baada ya nyanya weka maharage, vitunguu au kabichi. Kwenye kitalu nyumba kimoja hii inauma, maana pesa iko kwenye nyanya. Mimi nimegawa matuta manne, kila msimu mawili tu ni ya ukoo wa nyanya.

Minyoo fundo. Ukiona mche umedumaa, unanyauka mchana jua likiwaka, ung'oe uangalie mizizi. Ikiwa na vinundu vinundu kama shanga, ni minyoo fundo. Kwenye kitalu nyumba inapenda sana kwa sababu udongo haupumziki.

Dawa yangu hapa inawachekesha watu. Inaitwa bangi mwitu. Ni ule mmea wa porini wenye harufu kali na maua madogo ya njano, umejaa pembeni ya mashamba huku kwetu. Jina tu linafanana, siyo bangi hata kidogo, ukoo wake ni ule wa maua ya marigoldi. Mizizi yake inatoa kemikali inayozuia minyoo fundo. Ila siyo kupanda viwili vitatu katikati ya nyanya kama urembo. Jaza tuta zima, lisongamane, uache miezi miwili mitatu, halafu kata kabla halijatoa mbegu ulifukie. Hilo tuta huuzi kitu muda huo. Ndiyo gharama ya kilimo hai, iweke kwenye bei.

Nilivyoposti picha ya tuta langu, nilipata meseji nyingi za watu wanaotaka bangi yenyewe. "Boss, na ile nyingine unayo?" Wengine wanauliza kabisa kama inalipa kuilima kwenye kitalu nyumba maana wameona video za Canada na Marekani. Nijibu hapa hapa mara moja. Canada imeruhusu tangu 2018, na baadhi ya majimbo ya Marekani yameruhusu, sawa, ni huko. Hapa Tanzania Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inakataza kulima, kukaa nayo na kuiuza, na kifungo chake ni cha miaka mingi. Haijalishi ni mche mmoja nyuma ya nyumba au umeilima kwa mboji safi. Usiniulize bei, usiniachie oda.

Ila kuna somo moja kutoka kwao linatuhusu. Kule Marekani wakulima wa bangi waliopewa leseni na jimbo, hata wakilima bila kemikali hata tone, hawaruhusiwi kubandika alama ya ogani ya serikali kuu, kwa sababu serikali kuu haitambui zao hilo kama halali. California ikabidi itengeneze programu yake yenye jina jingine, OCal. Umeona? Neno "ogani" kwa wenzetu siyo pambo la posti. Lina mwenyewe, lina sheria yake, na mtu analima vizuri kabisa bado anaambiwa hilo neno usilitumie. Sisi tunaliandika kwenye statasi kabla hata ya kumwagilia.

4. JOTO: KITALU NYUMBA KINAWEZA KUWA JIKO

Nyanya inapenda nyuzi 20 na kitu mchana. Ikipita 32 hadi 35 siku mfululizo, chavua inaharibika, maua yanadondoka, unabaki na majani mazuri ya kupigia picha. Nunua kipimajoto, kining'inize usawa wa maua, siyo mlangoni.

Acha kuta za pembeni ziwe wavu na siyo nailoni juu mpaka chini. Acha tundu la hewa juu ya paa, maana hewa ya moto inapanda. Weka matandazo ya nyasi kavu kwenye matuta. Mwagilia kwa matone asubuhi, usilowanishe majani.

Na jambo dogo linalosahaulika: ndani hakuna upepo wa kutosha kutikisa maua. Nyanya inajichavusha yenyewe lakini inahitaji kutikiswa. Kila siku saa nne asubuhi hivi napita nagonga kamba kwa fimbo. Dakika tano tu. Nilipoanza kufanya hivi matunda yaliongezeka bila kununua kitu.

5. WADUDU NA MAGONJWA: PANGA ULINZI KWA FOLENI

Kantangaze kwa jina la kisayansi anajulikana kama Tuta absoluta. Asili yake Amerika Kusini, aliingia Hispania 2006, na kwetu aligundulika 2014 mkoani Arusha hapa hapa. Jike mmoja anaweza kutaga hadi mayai 260 hivi, na kizazi kinakamilika ndani ya mwezi mmoja kukiwa na joto. Kiwavi wake anajificha ndani ya jani, ndiyo maana kumpulizia juu juu hakusaidii.

Foleni yangu ni hii:

Kwanza, asiingie. Wavu wenye matundu madogo, mlango wa mara mbili kama wa benki, unafunga wa kwanza ndiyo unafungua wa pili. Wavu ukichanika ushone siku hiyo hiyo. Kantangaze wangu mimi aliingilia kwenye mpasuko wa pembeni ya mlango, niliuona wiki mbili kabla nikasema nitashona kesho.

Pili, mwone mapema. Mitego ya gundi ya njano kwa nzi weupe na vidukari. Kwa kantangaze, mtego wa feromoni juu ya beseni la maji yenye sabuni. Unakamata madume tu, kwa hiyo siyo tiba kamili, ila unakuambia amefika. Hesabu kila Jumatatu, andika.

Tatu, mikono. Jani lenye njia nyeupe za kiwavi likate, liweke kwenye mfuko mweusi, funga, uanike juani. Usitupe nyuma ya banda.

Nne, dawa za asili. Muarobaini: gramu 50 za kiini cha mbegu kilichotwangwa kwa lita moja ya maji, loweka usiku kucha, chuja, weka sabuni kidogo ya kipande, pulizia jioni maana jua linaiharibu. Rudia kila wiki. Kwa ubwiri unga kwenye matango, maziwa sehemu moja kwa maji sehemu tisa, pulizia asubuhi. Madukani kuna dawa za bakteria wa Bt, hizi zinakubalika kwenye kilimo hai, soma lebo.

Tano, ujue usichoweza kutibu. Nyanya ikinyauka ghafla ikiwa bado kijani, kata shina, litumbukize kwenye glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka kutoka kwenye shina, huo ni mnyauko bakteria. Hakuna dawa, ya asili wala ya dukani. Ng'oa mche na udongo wake, peleka mbali, usipande ukoo wa nyanya pale, na viatu vya kuingilia kitaluni visitembee shamba lingine. Afisa ugani wa kata yenu ni bure, mwite. Bibi shamba wetu ndiye aliyenionyesha hiyo ya glasi, mimi nilikuwa naongeza maji nikidhani ni kiu.

6. TURUDI KILOMBERO

Siku ile nilirudi nyumbani na tenga tupu. Nilikaa dukani naangalia orodha ya oda. Nilifikiri niseme tu gari limeharibika. Mwisho nikaandika hivi, nikawatumia wote 26:

"Habari. Nyanya nilizowaletea Jumamosi mbili zilizopita nyingine nilizinunua sokoni, siyo za kitaluni kwangu. Wadudu waliharibu mavuno na sikuwaambia. Nimekosa, naomba radhi. Tofauti ya bei nitarudisha kwa kila mmoja. Wiki hii nina nyanya za watu 12 tu. Asiyependa kuendelea namuelewa."

Msinione shujaa. Niliandika kwa sababu nilishaonwa. Nisingeonwa, sijui.

Waliojibu vizuri walikuwa 14. Tisa waliacha kununua. Watatu walisoma wakanyamaza mpaka leo. Mmoja wa waliotoka ni mwenye mgahawa, ndiye alikuwa mteja wangu mkubwa, na hajarudi. Kurudisha pesa kulinimalizia akiba ya nailoni mpya, msimu ule nilikaa na paa lenye viraka. Yule mama wa Njiro alinijibu neno moja, "Sawa." Jumamosi iliyofuata akaagiza, ila nusu ya alichokuwa anaagiza. Bado ni nusu mpaka sasa. Sijamwomba aongeze.

7. SASA UUZEJE

Haya ndiyo nafanya tangu siku ile, na unaweza kuanza nayo kesho hata kama una vijaruba viwili.

Andika ulichofanya, siyo cheo. Badala ya "OGANI 100%", andika: "Nimelima bila mbolea ya viwandani na bila sumu za kemikali. Natumia mboji na muarobaini." Kila neno hapo unaweza kulionyesha. Ukishakaguliwa na kupewa alama, hapo weka alama. Kukaguliwa siyo lazima uwe tajiri: kuna mfumo wa uhakiki shirikishi ambapo wakulima wadogo wanajiunga kikundi, wanakaguana mashamba na kuweka kumbukumbu, gharama inakuwa ndogo kwa mmoja mmoja. Waulize TOAM au afisa ugani kikundi kilicho karibu nawe.

Daftari moja, kurasa nne. Ukurasa wa mbegu: nini, lini, wapi nilinunua. Ukurasa wa udongo: mboji gani, tuta gani, tarehe. Ukurasa wa wadudu: nimeona nini, nimefanya nini. Ukurasa wa mavuno: kilo ngapi, tuta gani, nani kachukua. Mteja akiuliza nampiga picha ukurasa namtumia. Wengi hawaulizi. Wanapenda kujua upo.

Fungua oda baada ya kuvuna kuhesabika. Zamani nilikuwa naahidi Jumatatu, navuna Ijumaa. Sasa Alhamisi jioni napita na daftari, nahesabu kilichoiva, naposti: "Nyanya boksi 15, hoho boksi 9, zikiisha zimeisha." Aliyekosa anaingia orodha ya wiki ijayo, anakuwa wa kwanza. Usiogope kusema zimeisha.

Stika mbili. Ukitaka kuuza na vya sokoni, uza, siyo kosa, biashara ni biashara. Ila ya kijani imeandikwa "Kitaluni kwetu" na tarehe ya kuvuna, nyeupe imeandikwa "Sokoni, imechaguliwa". Bei tofauti, mfuko tofauti. Nilidhani nyeupe haitauzika. Inauzika, watu wengi walitaka tu kuletewa mboga safi mlangoni, ogani hawana habari nayo.

Ukipiga sumu, sema. Kuna siku utashindwa, msimu mzima utakuwa unakufa na una ada za watoto. Ukiamua kupiga kiuatilifu, soma lebo, heshimu siku za kusubiri kabla ya kuvuna, vaa kinga, na ondoa maneno ya kilimo hai kwenye mzigo huo. Kama uko kwenye kikundi cha uhakiki waambie, maana tuta hilo linarudi kwenye kipindi cha mpito. Uza bei ya kawaida, lala usingizi.

Picha za kweli. Usichukue picha ya grinihausi ya Uholanzi Google ukaweka kwenye biashara yako. Piga picha banda lako na viraka vyake. Piga na majani yaliyotobolewa. Posti yangu iliyowahi kuleta maswali mengi ni ya beseni la mtego lenye vipepeo vya kantangaze waliokufa. Watu waliuliza, nikajibu, wanne wakaagiza.

KAZI YA WIKI HII

Usijenge kitu bado. Fanya haya matatu:

1. Pitia posti zako zote za mwezi huu. Kila ulipoandika ogani, asili, fresh kutoka shambani, jiulize: mteja akisema nakuja saa hizi unionyeshe, nitamwonyesha nini? Pasipo na jibu, futa.
2. Anza rundo moja la mboji. Chomeka fimbo, andika tarehe.
3. Piga hesabu ya kilo moja kama ile ya juu, ukiweka hasara na kazi yako.

Mteja wa mtandaoni haoni shamba. Anaona picha na maneno yako tu, halafu anatuma hela kabla hajaona mzigo.

Mwenye swali la kilimo au bei aandike kwenye maoni, najibu usiku baada ya kufunga duka. Anayefahamu kikundi cha uhakiki shirikishi mkoani kwake aandike mkoa na wilaya hapo chini tusaidiane. Na kama una mwenzako anayeuza mboga mtandaoni mtumie hii, asome kabla hajachapisha stika.

Jumapili njema, tukutane somo lijalo.